Maji ya Kunywa na Kitabu cha Vipimo



Katika somo la mwezi huu twataka kunena habari ya maji tunywayo. Shida ya kuyatafuta mwaijua, wala mama aliyetembea na ndoo kichwani tangu alfajiri hahitaji kufundishwa neno hilo. Sisi twanena habari ya maji yaliyokwisha kupatikana. Kisima kimechimbwa, tangi limejengwa, mabomba yamefika kijijini, wageni wamekuja kufungua, watu wamepiga vigelegele. Siku ile wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Maana maji yaliyo safi leo huweza kuingiwa na uchafu kesho, na jicho lisione, na ulimi usionje.

Neno tunalotaka mlishike ni moja. Ulinzi wa maji ya watu wengi ni kipimo kifanywacho kila siku na kuandikwa kwa kweli. Pampu njema, tangi imara, na sheria nzuri ya serikali, vyote hivi havitoshi kama mwenye kuandika anaandika asiyoyaona. Ili tusimtuhumu mtu wa kwetu, tutatoa mfano katika nchi ya mbali. Kisha tutarudi nyumbani na kujiuliza mambo yetu.

1. Habari ya mji wa Walkerton

Katika nchi ya Kanada, jimbo la Ontario, uko mji mdogo uitwao Walkerton. Mwaka 2000 wenyeji wake walikuwa kama 4,800. Mji ule haukuwa wa watu maskini. Walikuwa na hospitali, na mashule, na wakaguzi wa serikali. Maji yao yalitoka katika visima, navyo vilitunzwa na watumishi wachache wa mji wenyewe, chini ya kamati iliyochaguliwa.

Kisima kimoja, kilichoitwa Kisima cha Tano, kilichimbwa mwaka 1978. Hakikuwa na kina kirefu. Maji yake yaliingia toka mita 5 hadi 8 tu chini ya ardhi, katika mwamba wenye nyufa. Karibu yake palikuwa na shamba la mifugo. Mwenye shamba alitandaza samadi kwa majira yake, kama desturi njema ya ukulima iagizavyo, na wachunguzi walisema baadaye ya kuwa yeye hana lawama.

Tangu tarehe 8 hata 12 Mei mwaka ule mvua kubwa ilinyesha, jumla yake milimita 134. Maji ya mvua yakapita katika samadi, yakashuka katika nyufa za mwamba, yakaingia kisimani pamoja na vijidudu vya namna mbili. Vya kwanza ni aina kali ya Escherichia coli, ambayo wataalamu huitambua kwa alama ya O157:H7. Vya pili ni Campylobacter jejuni. Maji yakaendelea kutoka bombani, meupe na baridi kama siku zote.

Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Mei, maji yalichukuliwa katika chupa yakapelekwa maabara. Jumatano, tarehe 17, maabara ikamletea mkuu wa kazi ya maji jibu lililoandikwa, ya kwamba maji yana vijidudu. Yeye akanyamaza. Kesho yake watoto wawili wakapelekwa hospitali, wanaharisha damu. Ijumaa, tarehe 19, watu wa idara ya afya wakapiga simu wakamwuliza, Je, maji ni salama? Akajibu kwamba ni salama. Idara ya afya, kwa kuona wagonjwa wanazidi, haikungoja tena; Jumapili, tarehe 21, ikatangaza kwamba mtu asinywe maji ila yaliyochemshwa.

Kufika mwisho wa mambo hayo watu zaidi ya 2,300 walikuwa wameugua, na 7 walikuwa wamekufa. Wagonjwa 65 walilazwa hospitalini, na 27 kati yao waliharibika figo, wengi wao wakiwa watoto. Hesabuni wenyewe: karibu nusu ya mji.

2. Kosa lilikuwa wapi

Serikali ya Ontario iliweka uchunguzi wa wazi, na jaji aitwaye Dennis O'Connor akausimamia. Sehemu ya kwanza ya taarifa yake ilitoka Januari 2002. Yafaa tuyasome aliyoyaona, maana yeye hakutafuta mtu mmoja wa kubebeshwa mzigo wote. Alitafuta mahali palipobomoka ukuta.

Kwanza, maji ya kisima yaliagizwa kutiwa klorini, hata baada ya dakika 15 ibaki miligramu 0.5 katika kila lita. Watumishi walizoea kutia pungufu. Pili, waliagizwa kupima kila siku klorini iliyobaki. Siku nyingi hawakupima. Waliandika tu kitabuni 0.5 au 0.75, kama mtu anayejaza daftari ili likaguliwe. Hata siku zile baada ya mvua, wakati vijidudu vilipokuwa vimeingia na klorini imekwisha kuliwa, kitabu kilisema 0.75. Tatu, maji ya kupelekwa maabara mara nyingine yalichukuliwa mahali pamoja, na chupa ikaandikwa jina la mahali pengine. Nne, kisima kingine kiliendeshwa siku kadhaa za mwezi ule bila mashine ya klorini.

Lakini jaji hakuishia kwa watumishi. Alisema pia ya kuwa kamati ya maji haikuuliza maswali, bali ilimwachia mkuu wa kazi mambo yote. Wakaguzi wa serikali walifika mwaka 1991, na 1995, na 1998, wala hawakufuatia makosa mpaka yakatengenezwa. Watumishi wale walipewa vyeti vya kazi kwa sababu ya miaka yao kazini, bila kufundishwa vya kutosha wala kutahiniwa. Tena sheria ya wakati ule haikuilazimisha maabara kuwapasha habari watu wa afya. Ilimpasha mwenye maji tu. Basi habari mbaya ilipita mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alipofunga mkono, mji mzima ukakosa kujua.

Jaji alisema hivi pia: kama Kisima cha Tano kingalikuwa na mashine ya kupima klorini na tope bila kukoma, msiba ule ungalizuiwa, na kama kipimo cha kila siku kingalifanywa kweli kweli, ungalipungua sana. Hata tangazo la kuchemsha maji, lingalitolewa tarehe 19, watu 300 hadi 400 wasingaliugua. Siku mbili tu za ukimya ziligharimu hayo.

Mwaka 2002 Ontario ilitunga sheria mpya ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 watumishi wawili, mkuu na ndugu yake, walikiri hatia mahakamani wakahukumiwa.

Je, watu hawa walitaka kuua? Hapana. Hili ndilo neno la kutisha katika habari hii. Wao wenyewe walizoea kunywa maji ya visima vile yasiyotiwa dawa, wakayaona matamu. Walisadiki ya kuwa maji yao ni mema, na ya kuwa agizo la kupima ni usumbufu wa wakubwa wa mbali.

Sisi twawafundisha watoto Katekismo Ndogo, nao hujifunza Amri ya Tano siku moja, na Amri ya Nane siku nyingine, kana kwamba uhai wa jirani na ushuhuda wa uongo ni mambo mbali mbali. Katika Walkerton twaziona amri hizi mbili zimekutana katika mstari mmoja wa daftari. Aliyeandika 0.75 bila kupima alitoa ushuhuda wa uongo juu ya maji, na uongo ule ukafika katika kikombe cha mtoto. Mwalimu atakayefundisha amri hizo mwaka huu aweza kuutumia mfano huo.

3. Vipimo na maana yake

Tusitii agizo tusilolielewa kama kasuku. Tujue sababu yake.

Kipimo cha kwanza ni tope. Jaza maji katika chupa nyeupe ya kioo, uitazame mbele ya karatasi iliyoandikwa. Maji ya mawingu hayafai kutiwa dawa mpaka yatulie au yachujwe, kwa kuwa vijidudu hujificha nyuma ya chembe za udongo, na uchafu hula klorini kabla haijavifikia.

Kipimo cha pili ni klorini iliyobaki. Klorini ikitiwa majini, sehemu yake hutumika kuua vijidudu na kuunguza uchafu. Itakayobaki ni kama askari aliyesalia hai mlangoni, tayari kumpiga adui wa pili. Shirika la Afya Duniani laagiza ya kwamba baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, na bombani mwa mtu wa mwisho isipungue miligramu 0.2. Kupima ni rahisi: maji hutiwa katika kichupa, kidonge cha dawa yake huwekwa ndani, nayo hugeuka rangi ya waridi, rangi hiyo hulinganishwa na rangi za kifaa, na tarakimu yake husomwa. Ni kazi ya dakika chache. Ikiwa jana ilibaki 0.5 na leo haikubaki kitu, na dawa ulitia sawasawa, basi kuna jambo limeingia majini. Hiyo ndiyo faida ya kitabu: kipimo cha leo hakisemi mengi mpaka kiwekwe kando ya kipimo cha jana.

Kipimo cha tatu ni cha maabara, kutafuta Escherichia coli. Vijidudu hivi hukaa matumboni mwa watu na wanyama. Vikionekana majini ni ushahidi ya kuwa kinyesi kimeyafikia. Katika mililita 100 za maji ya kunywa kisionekane hata kimoja. Chupa ya kuchukulia itoke maabara, imeoshwa na kutakaswa huko. Usiisuuze, wala usishike mdomo wake kwa kidole. Mdomo wa bomba utakaswe kwa moto, maji yaachwe yatoke kitambo, ndipo yakingwe. Chupa iwekwe katika baridi, ifike maabara upesi, isipite siku moja. Juu yake yaandikwe mahali penyewe, siku, na saa.

Liko na jambo ambalo klorini haiondoi, wala moto hauondoi, nalo ni floraidi. Ndugu zetu wa pande za Meru na Arusha walijua katika meno ya watoto wao yaliyogeuka rangi, na wengine katika mifupa iliyopinda. Kuchemsha maji hayo huzidisha, maana maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Kiasi kisichodhuru, kwa maagizo ya Shirika la Afya Duniani, hakipiti miligramu 1.5 kwa lita. Basi kisima kipya katika nchi za namna hiyo kisifunguliwe kabla maabara haijasema neno lake, hata kama maji ni mengi na watu wana kiu.

4. Hesabu ya dawa

Twatoa hesabu moja, ili fundi wa maji asitie kwa kukisia. Tangi lina lita 10,000. Twataka kutia miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Jumla ni miligramu 20,000, yaani gramu 20. Lakini unga wa dawa si klorini tupu. Ikiwa kopo limeandikwa 65 kwa 100, twagawanya 20 kwa 65, twazidisha kwa 100, twapata gramu 31 hivi za unga. Utie unga katika ndoo ya maji, usitie maji juu ya unga. Ukoroge, uache utulie, kisha maji ya juu yaliyo maangavu yamiminwe tangini. Ngoja nusu saa, upime. Ikibaki pungufu ya 0.5, ongeza kidogo, upime tena, na uandike yote mawili.

Unga huu hupoteza nguvu kwa joto, na unyevu, na kukaa sana. Kopo lifungwe, likae mahali pa kivuli na pakavu, mbali na watoto, wala lisichanganywe na dawa nyingine.

5. Sheria katika nchi yetu

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, iliweka Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ambao watu huuita RUWASA. Chini yake viko vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, navyo ndivyo vyenye kuendesha visima na mabomba ya vijiji. Viwango vya maji ya kunywa huwekwa na Shirika la Viwango, na Wizara ya Maji ina maabara zake za kupimia. Basi asiwepo mtu wa kusema, sisi tu wachache, sheria hizi ni za miji mikubwa.

Twasema hata zaidi: mahali padogo ndipo penye hatari. Mjini mtu akikosa kupima, mwenzake ataona. Kijijini fundi ni mmoja. Akiugua, au akienda msibani, au asipolipwa miezi mitatu, hakuna wa pili. Walkerton walikuwa na fedha kuliko sisi, wakashindwa kwa mambo ambayo hayataki fedha nyingi, yaani kupima, kuandika, na kusema.

6. Yatupasayo kutenda

Kwa fundi wa maji: upime kila siku, uandike wakati ule ule ukiwa umesimama penye tangi, wala usingoje jioni. Siku usiyopima, andika kwamba hukupima, na sababu yake. Mahali patupu penye sababu pana heshima kuliko tarakimu ya kubuni.

Kwa kamati: msilitie kitabu sahihi kabla ya kulisoma. Tarakimu ikiwa ile ile mwezi mzima, ulizeni. Maji ya kweli hayakai hivyo, hasa wakati wa mvua. Nendeni mara moja moja mpime pamoja na fundi. Mchagueni wa pili, afundishwe kazi. Mlipeni fundi kwa wakati, na dawa inunuliwe kabla kopo halijaisha. Tazameni kando ya kisima: ua umesimama? mifugo haiingii? mfuniko haukupasuka? Choo kiwe upande wa chini, na mbali. Wataalamu wengi huweka mita 30, na penye mwamba wa nyufa hata hizo zaweza kuwa chache.

Maabara ikisema maji ni mabaya, habari isikae kwa mtu mmoja hata usiku mmoja. Waambiwe RUWASA, waambiwe watu wa zahanati na uongozi wa kijiji, na watu wote watangaziwe wachemshe maji mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, hata watakapoambiwa vinginevyo. Kengele ya kanisa yaweza kutumika kwa kazi hiyo, na adhana ya majirani zetu Waislamu vile vile, maana bomba ni moja.

Na kwa sharika zote tuna neno, nalo ni zito kuliko mengine. Fundi akija kusema, Leo maji hayafai, sisi humpokeaje? Twamwona mara nyingi akizomewa. Mmoja amwambia kwamba anatafuta fedha ya dawa. Mwingine amwambia, Baba zetu walikunywa mtoni wakaishi. Mtu akitukanwa mara mbili kwa kusema kweli, mara ya tatu ataandika yale yawapendezayo watu. Hapo kitabu cha uongo kimeandikwa kwa mkono wake, lakini wino tumempa sisi. Usharika unaotaka kunywa maji salama na ujizoeze kumshukuru mwenye kuleta habari mbaya mapema.

Maswali ya kufikiri pamoja

1. Kwa nini maji ya Walkerton yalionekana mema siku zile zile yalipokuwa na vijidudu?
2. Tajeni watu na ofisi waliokuwa na nafasi ya kuzuia msiba ule. Kila mmoja angalifanya nini?
3. Tangi lina lita 5,000, nasi twataka miligramu 2 kwa lita. Unga ni 65 kwa 100. Unahitajiwa unga gramu ngapi?
4. Kitabu cha vipimo vya maji katika kijiji chenu kiko wapi, na nani alikisoma mara ya mwisho?
5. Fundi wenu akipata kipimo kibaya leo, atamwambia nani kwanza, na je, atasema bila hofu?

Walimu watakaokosa jibu la swali la nne wasione haya. Waende tu kwa kamati wakaombe kukiona kitabu, na mkutano ujao wawasomee watu.